Spinachi ya Bustani ya Nyumbani: Kuchagua Aina kwa Kuzingatia Afya ya Mlaji

Katika masoko mengi ya Tanzania na Kenya, mboga inayouzwa kwa jina la spinachi siyo spinachi inayotajwa katika vitabu vya lishe vya nchi za baridi. Spinachi ya vitabuni ni Spinacia oleracea, mmea mfupi wenye majani laini, ambao huchanua upesi joto linapozidi. Mboga ya sokoni, yenye majani mapana yaliyokunjamana na vikonyo vinene vyeupe, ni Beta vulgaris, yaani ndugu wa bitiruti. Bitiruti ilichaguliwa na wakulima kwa ajili ya mzizi, na hii kwa ajili ya jani. Mchicha nao huhesabiwa katika familia hiyohiyo ya mimea, lakini undugu huo hauzifanyi mboga hizi zilingane kwa lishe.

Jambo hili lingebaki kuwa la wanabotania kama lisingegusa ushauri unaotolewa kliniki. Mjamzito huambiwa ale spinachi ili apate foleti. Kwa mujibu wa majedwali ya lishe ya Marekani, gramu 100 za spinachi ya vitabuni, ikiwa mbichi, zina takriban mikrogramu 194 za foleti. Spinachi ya sokoni ina takriban 14 tu, ilhali majani ya mchicha yana takriban 85. Mama aliyepanda tuta zima la spinachi kwa nia ya kumkinga mtoto na tatizo la mgongo wazi amepanda mboga nzuri, ila si kwa kazi hiyo; mchicha wa kawaida, ambao wengine huuona wa kimaskini, ungemfaa zaidi. Hata hivyo, hakuna mboga inayochukua nafasi ya kidonge. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia mwanamke anapopanga kushika mimba, kwa kuwa mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajitambua.

Baada ya kusema hayo, spinachi ya sokoni inabaki kuwa na sifa ya kustahili tuta lake: huchumwa kwa miezi mingi bila kupandwa upya. Aina iliyozoeleka ni Fordhook Giant, yenye majani ya kijani kilichokolea. Jina lake limetokana na shamba la Fordhook la kampuni ya mbegu ya Burpee, huko Pennsylvania. Lucullus ina majani ya kijani kilichopauka. Bright Lights ni mchanganyiko wa mimea yenye vikonyo vyekundu, vya njano na vya chungwa, uliopewa tuzo ya mbegu bora Marekani mwaka 1998. Rangi hizo huvutia watoto, na hilo si jambo dogo mezani, lakini hakuna sababu ya kutosha ya kitabibu ya kulipia mbegu za rangi bei kubwa. Ipo pia aina yenye vikonyo vyembamba na majani madogo, ambayo huvumilia ukame kuliko nyinginezo. Humfaa mwenye maji haba. Kwa familia yenye tuta moja, Fordhook Giant inatosha.

Kuchagua aina hakumwondolei mlaji oksaleti. Zote zinayo kwa wingi, na mawe mengi ya figo hutengenezwa na oksaleti iliyoungana na kalsiamu. Aliyewahi kupata mawe ya aina hiyo ni heri apande sukuma wiki au kabichi, kwani mchicha nao una oksaleti nyingi. Akiila spinachi mara mojamoja, ichemshwe na maji yamwagwe, kisha iliwe pamoja na maziwa au mtindi ili kalsiamu iikamate oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye damu. Juisi ya majani mabichi inayonywewa kila siku ni hatari zaidi. Madaktari wameripoti wagonjwa walioharibikiwa figo kwa desturi hiyo. Mwenye ugonjwa sugu wa figo ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni potasiamu, hivyo kiasi chake kipangwe na wanaomtibu.

Mgonjwa anayetumia dawa ya warfarini anahitaji maelezo marefu kidogo. Gramu 100 za spinachi mbichi ya sokoni zina takriban mikrogramu 830 za vitamini K, wakati mtu mzima huhitaji takriban 90 hadi 120 kwa siku. Vitamini hiyo hupunguza nguvu ya dawa. Wagonjwa wengine huambiwa waache mboga za majani kabisa. Huo si ushauri sahihi. Kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilikabadilika, na hapa ndipo bustani inapoweza kuleta madhara. Mvua zikinyesha, majani hufurika na familia hula kila siku. Damu ya mgonjwa huanza kuganda kwa urahisi. Kiangazi kikifika tuta hukauka, naye akiendelea na dozi iliyoongezwa wakati wa mvua anaweza kutokwa damu. Mhudumu anapoona kipimo cha INR kimeyumba, aulize pia habari za bustani. Mgonjwa apande miche michache, amwagilie mwaka mzima, na ziada awape majirani.

Mbegu moja ya spinachi ni kishada chenye mbegu kadhaa, hivyo miche huota imesongamana na lazima ipunguzwe, ibaki nafasi ya sentimita 30 hivi. Majani ya nje huwa tayari baada ya wiki sita hadi nane. Hukatwa hayo, kiini kikaachwa. Penye unyevu mwingi hutokea madoa ya mviringo ya kijivu yenye ukingo mwekundu, ambayo ni ugonjwa wa ukungu. Majani yaliyougua yaondolewe mapema, na maji yamwagiliwe kwenye udongo, si juu ya majani.