Kabla hujampa mchoraji advansi

Mdogo wangu wa Tanga, ujumbe wako nimeupata. Unataka wazazi wako wachorewe harusi yao ya mwaka 1974, maana siku ile hapakuwa na mpiga picha, na kijana uliyempata anataka nusu ya fedha mkononi. Unauliza kama anakuibia. Hilo tutalifikia. Kwanza niambie: utampa nini akachore?

Wengi tunakwenda kwa mchoraji na kijipicha kimoja cha pasipoti, tena tumekipiga kwa simu kikiwa ndani ya fremu, kioo kimemeremeta katikati ya uso, halafu tunasema, "Wewe ndiye fundi, utajua mwenyewe." Kweli, atajua. Palipo na pengo atajaza, na siku ya kufunua picha shangazi atauliza huyo bibi harusi ni nani.

Toa picha ndani ya kioo, ilaze karibu na dirisha mchana, zima flashi, ipige kwa juu moja kwa moja. Au ipeleke steshenari waiskani, ndiyo bora zaidi. Tafuta picha za miaka ya karibu na harusi, hata za msibani, hata ile ya baba akiwa nyuma ya watu. Kama ni nyeusi na nyeupe, mchoraji hawezi kujua mama alikuwa maji ya kunde au mweusi tii. Mpeleke dada yako aliyechukua rangi ya mama, akamwone kwa macho yake.

Kisha kaa na wazee wenyewe, maana Mungu amekupa bahati wapo. Usiwaulize "ilikuwaje", watakujibu "ilikuwa nzuri". Uliza vitu vinavyoshikika: mlikalia mkeka au viti? Nani alisimama upande wa kulia? Viatu vya baba vilikuwa vyake au vya kuazima? (Hapo ndipo utasikia kicheko, na hapo ndipo picha inapoanza.)

Nguo usizipuuze. Kanga ya mwaka 1974 unaweza kuiandika jina kwa herufi hizi tunazosomea, haina neno. Lakini msomaji mwingine anataka kumchora bibi wa bibi yake, mwanamke wa Unguja wa miaka ya 1890, akiwa amejitanda kanga yenye jina. Huyo nimemwambia asimame hapo hapo. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, na majina yalipoanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Doa, mji na pindo vinatosha, jina aliache.

Na ninyi walimu wa Songea mnaotaka picha ya vita vya Majimaji ukutani, shida yenu ni hiyo hiyo, imekuwa kubwa tu. Mchoraji asiyepewa kitu atawavika askari wa Mjerumani magwanda ya mabakamabaka na kuwapa bunduki alizoziona kwenye sinema. Askari wale walivaa kaki. Mpelekeni kwanza kwenye Makumbusho ya Majimaji, iko hapo hapo mjini kwenu, penye kumbukumbu ya walionyongwa Februari 1906. Mkodishieni bodaboda. Mtaokoa fedha ya kupaka upya.

Lakini msimbane hadi ashindwe kupumua. Pale Lubumbashi aliishi mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha huko alinunua kwake mfululizo wa picha kama 100 zinazosimulia historia ya Zaire tangu zamani, na wawili hao wakazijadili kwa Kiswahili cha huko huko. Tshibumba alipofika kwenye kifo cha Lumumba na wenzake wawili mwaka 1961, hakuwa na picha ya kamera ya kuiga. Akawalaza chini, na nyuma yao kwa mbali akaweka misalaba mitatu. Hakuna aliyedhani misalaba ile ilikuwapo Katanga usiku ule. Ni maoni ya mchoraji, na bila hayo picha ile ingekuwa taarifa ya polisi. Kwa hiyo mwambieni mapema: viatu, silaha na sura vifuate ushahidi, anga, mwanga na mlima ni vyake.

Sasa fedha. Advansi ya nusu si wizi, mdogo wangu. Turubai, rangi na fremu ananunua kabla hajala chochote. Mimi napenda mafungu matatu: la kwanza siku ya makubaliano, la pili ukishaidhinisha mchoro wa penseli, la mwisho ukija kuichukua. Mchoro wa penseli ndio mahali pa kusema "mama alikuwa mfupi kuliko baba". Ukisubiri rangi ikauke ndipo useme, mlipe tena, ni haki yake. Andikianeni, hata kwa WhatsApp: ukubwa kwa sentimita, rangi ya mafuta au akriliki, fremu ya nani, lini, na kama anaruhusiwa kuuza nakala ya sura za wazazi wako. Picha ni yako, lakini haki ya kuinakili ni jambo jingine. Lisipoandikwa mtakuja kugombana.

Kuna wanaotaka kushtukiza watu. Mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimzawadia Winston Churchill picha yake iliyochorwa na Graham Sutherland, alipotimiza miaka 80. Aliichukia, na baadaye familia ikaiteketeza. Mzee aliye hai aonyeshwe mchoro mapema. Zawadi haitaharibika.

Jambo moja linaniuma kidogo. Siku hizi wengi wanaagiza marehemu mama achorwe akiwa amempakata mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Sikatazi, ila waulize ndugu zako wote kwanza, hasa baba. Kuna anayefarijika, na kuna atakayetoka chumbani. Mkikubaliana, angalia mwanga: kama mama kwenye picha yake ya zamani anamulikwa kutoka kushoto, mpige picha mtoto naye akimulikwa kutoka kushoto, la sivyo ataonekana amebandikwa kwa gundi.

Tanga kuna unyevu na chumvi ya bahari, kwa hiyo usiitundike kwenye ukuta unaovuja wala mkabala na dirisha la jua. Kama ni rangi ya mafuta, usikubali ikunjwe na kupakiwa kwenye basi wiki ile ile. Inaweza kuonekana kavu juu huku ndani bado mbichi, na vanishi ya mwisho husubiri miezi kadhaa. Harusi yao inatimiza miaka 50 na ushee, haitakimbia. Nyuma ya fremu andika kwa penseli majina ya wote waliomo, na nani alisimulia nini.