Dondoo muhimu: Kuchagua programu huria za mashine pepe

Tangu Broadcom ilipoinunua VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, mwezi Novemba 2023 na kukomesha uuzaji wa leseni za kudumu mwezi uliofuata, hospitali, vyuo na ofisi za kaunti za Migori na Homa Bay zinazohitaji mashine pepe, yaani kompyuta kadhaa za kiprogramu ndani ya seva moja, zina sababu nzito ya kuzingatia programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Proxmox VE, iliyotoka Austria mwaka 2008 na kujengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux, na KVM, programu ya Linux ya kuendesha mashine pepe, huwafaa mafundi waliozoea Linux, nayo XCP-ng, inayotumia programu nyingine ya kuendesha mashine pepe iitwayo Xen, inastahili kujaribiwa pia. Leseni ya bure haiondoi gharama ya fundi, na gharama hiyo haina budi kuingizwa katika bajeti mapema. Seva zinazounganishwa kuwa kundi ziwe tatu, si mbili, kwa kuwa kundi la Proxmox huhitaji wingi wa kura za seva zake ili liendelee kufanya kazi seva moja inapozimika. Nakala rudufu zihifadhiwe katika jengo jingine, na zijaribiwe kurejeshwa kabla ya kuachana na VMware.