Panda Juu, Ulale Chini: Somo la Siku Moja Mlimani Kilimanjaro

Wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Machame huwa na siku moja ya safari ambayo kwa mtazamaji haina maana. Asubuhi huondoka kambi ya Shira, iliyo karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Adhuhuri hufika penye mwamba mkubwa uitwao Lava Tower, karibu mita 4,600. Alasiri huteremka hadi bonde la Barranco, karibu mita 3,900, na kulala huko. Baada ya kilomita 10 hivi za mawe na vumbi wamejiongezea mita 100 tu. Je, jasho hilo limemwagika bure? La, hasha. Jibu limo katika fizikia ya hewa na baiolojia ya damu, na asiyelifahamu aweza kupoteza uhai.

Hewa ya mlimani

Husemwa mara nyingi kwamba mlimani oksijeni ni haba. Usemi huu wahitaji kufafanuliwa. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 21 ni oksijeni, pwani na kileleni sawia. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Kadiri mtu apandavyo, ndivyo nguzo ya hewa iliyo juu yake inavyofupika na uzito wake kupungua.

Pwani, barometa huonyesha milimita 760 za zebaki. Sehemu ya oksijeni ni 21/100 ya hizo, yaani karibu milimita 160. Penye Lava Tower kanieneo ni karibu milimita 440, na sehemu ya oksijeni ni karibu 92. Oksijeni hupenya kutoka mapafuni kuingia damuni kwa sababu kanieneo yake mapafuni huzidi ile ya damuni. Tofauti hiyo ikipungua, damu hupata oksijeni kidogo, hata kama mapafu ni mazima na kifua ni kipana.

Mwili unavyojirekebisha

Katika mishipa mikubwa ya shingo mna vipokezi vidogo vinavyopima oksijeni ya damu. Ikipungua, vipokezi hivyo huuarifu ubongo, na mtu huhema upesi zaidi huku moyo ukienda mbio. Lakini kuhema sana huondoa kabonidioksaidi nyingi, na damu huelekea ubesi. Hali hiyo huuzuia ubongo usizidishe kuhema. Ndipo figo huingia kazini: kwa muda wa siku kadhaa hutoa bikaboneti kwa njia ya mkojo, na kizuizi hicho hulegea. Chembe nyekundu mpya za damu nazo huongezeka, ila huchukua wiki kadhaa. Mpandaji wa siku 6 au 7 asizitegemee sana.

Sasa siri ya siku ile yadhihirika. Saa chache za kuwa juu huuamsha mwili uanze marekebisho. Usiku mambo hubadilika, kwani mtu aliyelala huhema kidogo kuliko aliye macho, na oksijeni ya damu yake hushuka zaidi. Ndiyo sababu afadhali usingizi upatikane Barranco, si Lava Tower.

Madaktari wa milimani hushauri kwamba, juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 pawe na siku ya mapumziko. Ratiba nyingi za Kilimanjaro huenda kasi kuliko hivyo. Kwa hiyo siku kama hii haifai kurukwa.

Hatari na tiba

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na uchovu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Ujana na nguvu si kinga. Kijana mwepesi aweza kuugua mapema kwa kuwa hukimbia. Wala kuzaliwa katika vijiji vya chini ya mlima si kinga. Mpagazi anayeficha maumivu kwa kuchelea kukosa ujira yumo hatarini sawa na mgeni aliyembebea mzigo.

Dalili mbili ni za kutisha zaidi. Mtu akitweta hata akiwa ameketi, au akikohoa povu, huenda maji yameingia mapafuni. Akipepesuka au akiongea ovyo, huenda ubongo umevimba. Aambiwe atembee katika mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, asingojewe mpaka kupambazuke. Ateremshwe mara moja, akiwa na mwenziwe. Dawa na oksijeni ya chupa husaidia, lakini hazichukui nafasi ya kuteremka. Kilele hakihami, mgonjwa aliyeteremshwa mapema aweza kukirudia.

Maswali

1. Kanieneo ya hewa Shira ni karibu milimita 490 za zebaki. Kokotoa sehemu ya oksijeni, kisha uilinganishe na ya Lava Tower.
2. Penye Lava Tower maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi za Selsiasi. Eleza kwa nini maharagwe hayaivi upesi huko ijapokuwa maji yanatokota.
3. Kwa nini wapandaji wengi hukoja mara nyingi katika siku za kwanza mlimani?