Dondoo muhimu: Kuitetea biashara yako ng'ambo ya mpaka

Uko Zuzu, Dodoma, unanunua mahindi Kibaigwa na kuyauza Kenya? Anza na cheti cha maabara. Machi 2021 Nairobi ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikalegeza, kwa sharti kwamba sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Bila cheti, maneno yote ni porojo.

Usiende peke yako. Pitia Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, Arusha. Na wizara ziko Mtumba, jiji lako hilohilo. Wenzako wa Mbeya wanalala basini kuzifuata.

Ukifika huko, taja sheria ya mwaka 2017 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu vikwazo visivyo vya kiforodha.

Bahasha? Iache nyumbani.