SOMO LA UFUNDI: AMORTISERE ZA PIKIPIKI YA ZAMANI, NAMNA YA KUZIBADILISHA NYUMBANI PASIPO KUUMIZA MTU



Wanafunzi wa kalasi kubwa wananiuliza mara kwa mara: "Mwalimu, pikipiki ya yaya inashuka sana nyuma. Tunaweza kuipandisha sisi wenyewe?" Jibu langu ni ndiyo, mnaweza. Lakini muelewe kwanza, ndipo mushike kle.

Somo hili ni juu ya pikipiki za umbo la zamani, zenye amortisere mbili nyuma, moja kila upande. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ni ya namna hiyo. Pikipiki nyingi za Uchina zinazobeba watu na makala hapa kwetu Kalemie zinafuata umbo lilelile.

1. KAZI YA KILA KITU

Hapo zamani gurudumu la nyuma lilifungwa kabisa kwa kadre, na mpanda pikipiki aliumia mgongo. Baadaye wakaweka mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, unaoshikwa na amortisere mbili. Norton ya Uingereza ilijulikana sana kwa umbo hilo kuanzia mwaka 1950. Kisha Mbelgiji mmoja, Lucien Tilkens, akabuni namna ya kutumia amortisere moja tu. Yamaha wakainunua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa nayo bingwa wa dunia katika motokrosi ya 250. Basi kubadilisha si kosa. Lakini wale walipima kwanza.

Amortisere ina sehemu mbili. Resori inabeba uzito. Mafuta ya ndani yanapunguza mwendo wa resori, isirukeruke. Pikipiki ikipita shimo na kuruka mara tatu ine, ugonjwa ni mafuta yamekwisha. Ukiongeza resori ngumu juu ya amortisere isiyo na mafuta, itaruka zaidi ya mbele.

2. HESABU KIDOGO

Mkono wa nyuma ni wenzo, kama tulivyosoma katika fizike. Tuseme toka buloni ya mkono mpaka ekseli ya gurudumu ni santimetre 45, na toka buloni ile mpaka mahali amortisere inafungwa ni santimetre 36. Gawanya: 36 kwa 45 ni 0,8. Gurudumu likipanda santimetre 10, amortisere iliyosimama wima inajikunja 8. Nguvu nayo inapungua kwa 0,8. Kwa hiyo ugumu unaosikika kwenye gurudumu ni 0,8 mara 0,8, maana yake 0,64 ya ugumu wa resori.

Sasa fundi anakuambia: "Tusogeze mahali pa kufungia mbele kidogo." Anasogeza santimetre 9. Ni 27 kwa 45, yaani 0,6. Na 0,6 mara 0,6 ni 0,36. Munaona? Resori ni ileile, lakini nyuma imepoteza karibu nusu ya ugumu wake. Tena uzito wote sasa unakaa mahali ambapo kiwanda hakikutia nguvu. Kwa hiyo neno la kwanza: musihamishe mahali pa kufungia.

3. KOSA LANGU MIMI MWENYEWE

Niliwahi kuvalisha pikipiki yangu amortisere za pikipiki nyingine, ndefu kuliko zangu kwa santimetre 4. Ilisimama vizuri, nikajivuna. Nikaweka sheni sawasawa, pikipiki ikiwa juu ya kigingi chake na gurudumu likining'inia. Kesho yake nikambeba mdogo wa bibi yangu kuelekea Lubuye. Tulipoingia shimo sheni ilikatika, ikajifunga nyuma, gurudumu likasimama ghafula. Mimi nilichubuka tu. Yeye alivunjika mkono.

Sababu ni hii: toka jino la mbele mpaka ekseli, njia inakuwa ndefu zaidi wakati jino, buloni ya mkono na ekseli vinapokuwa katika mstari mmoja. Gurudumu likining'inia chini sana, sheni inalegea na inakudanganya. Watu wakipanda, mkono unapanda kwenye mstari, sheni inakaza mpaka mwisho. Hesabu ile ningeweza kuifanya mezani usiku, kwa kalamu tu. Sikuifanya.

4. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

(a) Pima kwanza. Gurudumu likiwa hewani, pima toka ekseli mpaka alama moja juu yake. Andika. Kisha mwenye pikipiki akae juu, upime tena. Tofauti iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Kama mwendo ni santimetre 9, ishuke kama 2 na robo mpaka 3. Ikishuka zaidi, zungusha pete ya chini ya resori hatua moja, pande zote mbili sawasawa. Pengine kazi inaisha hapo, na hukutoa hata franga moja. Lakini ujue: pete inapandisha pikipiki tu, haigeuzi resori kuwa ngumu.

(b) Shika gurudumu, ulitikise kuume na kushoto. Likicheza, ugonjwa uko kwenye buloni na bushi za mkono, ao kwenye berengi. Tengeneza hapo kwanza.

(c) Kama ni lazima kununua, nunua mbili za namna moja na urefu mmoja. Moja ndefu na moja fupi zinapinda mkono. Urefu usipite ule wa kiwanda kwa zaidi ya santimetre 1. Kwa mfano wetu, amortisere ikizidi santimetre 2, ekseli inashuka 2 na nusu. Mbele inainama, usukani unakuwa mwepesi wa kugeuka kwenye mchanga, na kigingi kinakuwa kifupi.

(d) Weka pikipiki mahali pa sawa, uitegemeze vizuri. Toa amortisere moja, weka mpya, ndipo utoe ya pili. Ile iliyobaki inashika mkono.

(e) Mambo ya kukataa kabisa: kushomea kipande cha chuma ili amortisere iwe ndefu, kupasha resori moto, kwa maana chuma chake kinapoteza nguvu, kufungua amortisere yenye gazi, kufungua resori bila chombo cha kuikaza. Resori ile inaweza kuruka na kukutoboa jicho.

(f) Watu wawili wakae juu, uchungulie: mpira usiguse bati la juu, wala nyuzi za umeme zisibanwe. Kisha mshushe pikipiki pole pole mpaka jino, buloni na ekseli viwe katika mstari mmoja. Hapo ndipo unapopima sheni. Lazima ulegevu ubaki, kama unene wa kidole.

(g) Jaribu fere ya nyuma. Mkono ukibadilika mahali, fimbo ya fere nayo inabadilika. Inaweza kulegea ao kushika yenyewe. Kaza ekru zote. Zunguka pole pole peke yako, bila mtu nyuma. Kisha kaza tena.

5. UZITO

Neno la mwisho la ufundi. Watu watatu na gunia la makala juu ya njia ya Bendera ao ya Nyunzu, hakuna amortisere itakayoponya jambo hilo. Ukitia resori ngumu sana, nguvu ya shimo haipotei. Inahamia kwenye kadre, nayo inapasuka. Afazali kadre yenu isiwe mwalimu wenu.

6. FIKIRA

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Musa anaagiza mtu anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba anajua ukingo uko wapi. Mgeni hajui. Vilevile yule anayekaa nyuma yako hakuona ekru uliyoiacha bila kukaza. Anakuamini tu. Mdogo wa bibi yangu alipona, na alinisamehe. Lakini mpaka leo, akiniona ninashika kle, anacheka na kuuliza: "Shemeji, umepima?"

MAZOEZI

1. Toka buloni mpaka amortisere ni santimetre 40, mpaka ekseli 50. Tafuta ugumu kwenye gurudumu.
2. Kwa nini sheni iliyopimwa gurudumu likining'inia inaweza kukatika?
3. Pikipiki inaruka mara ine baada ya shimo. Utabadilisha nini, na kwa sababu gani?

Muniletee majibu kwenye karatasi, pamoja na vipimo vya pikipiki moja ya nyumbani kwenu.

Mwalimu wa fizike