SOMO LETU: CHAKULA CHA KUFURAHISHA MOYO KWA MWENYE UGONJWA WA SUKARI



Katika mikutano yetu ya mwethya hapa Machakos swali moja limerudi mara nyingi: "Mtu mwenye ugonjwa wa sukari atakula nini?" Mama mmoja wa kikundi chetu alipopimwa na kuambiwa apunguze ugali, muthokoi, chapati na viazi, alianza kupikiwa peke yake. Sufuria yake ndogo, mboga chemsha, hakuna chumvi, hakuna ladha. Saa ya kula wengine walikaa pamoja, naye alikaa kando na sahani yake. Baada ya wiki chache alianza kula chapati kwa siri, na sukari yake ikapanda tena. Kusema ukweli, kosa halikuwa lake peke yake. Sisi wapishi tulimfanya mgeni nyumbani kwake.

Basi leo tujifunze kupika chakula kimoja kitamu, chenye wanga kidogo, ambacho nyumba nzima inaweza kula.

WANGA NI NINI?

Wanga ndiyo ile sehemu ya chakula inayogeuka kuwa sukari ndani ya mwili. Iko nyingi katika mahindi, mchele, ngano, mihogo na viazi. Gramu 100 za unga wa mahindi au za spageti kavu zina karibu gramu 75 za wanga. Gramu 100 za kabichi au biringanya zina karibu gramu 6 tu. Mayai na nyama hazina wanga ya kuhesabu. Maharagwe, ndengu na nzuu zina wanga, lakini husagika tumboni polepole, kwa hivyo sukari haipandi kwa haraka.

TUJIFUNZE KWA WAITALIANO

Watu wa Italia wanajulikana kwa spageti. Mapishi yao si mageni kwetu. Mwaka 1942 wafungwa wa vita wa Kiitaliano walijenga kanisa dogo pale Mai Mahiu, walipokuwa wakitengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa. Na majirani zetu wa Somalia hula pasta mpaka leo kwa sababu ya kutawaliwa na Italia. Lakini utamu wa chakula chao hauko kwenye spageti. Uko kwenye mchuzi wa nyanya uliopikwa polepole. Tukishika mchuzi huo, spageti tunaweza kuiacha.

1. MCHUZI WA NYANYA

Vitunguu 2, vitunguu saumu punje 4, nyanya mbivu 10, mafuta vijiko 3, chumvi kidogo.

Kaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vilainike, visiungue. Tia vitunguu saumu, kisha nyanya zilizokatwakatwa. Usitie maji. Acha bila kufunika, ukikoroga mara kwa mara, kama dakika 40, mpaka mchuzi uwe mzito na mafuta yaonekane juu. Wengi wetu tunakosea hapa kwa haraka: nyanya za dakika 5 zinabaki chachu.

2. KABICHI BADALA YA SPAGETI (watu 6)

Kaanga nusu kilo ya nyama ya kusaga, kisha itie ndani ya nusu ya ule mchuzi na uache ichemke dakika 20. Kama nyama haipatikani, tumia vikombe 2 vya ndengu zilizoiva. Kata kabichi moja kwa nyuzi nyembamba na ndefu. Itie kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika 3 tu, kisha ichuje vizuri sana. Kabichi yenye maji huharibu mchuzi. Pakua kabichi, mchuzi juu.

3. BIRINGANYA ZA TABAKA (watu 6)

Huko kusini mwa Italia biringanya hupangwa tabaka kwa tabaka na jibini. Sisi tutatumia mayai.

Kata biringanya 3 kubwa kwa vipande vya unene wa nusu kidole. Nyunyizia chumvi, ngoja nusu saa, suuza na upanguse. Kaanga kwa mafuta kidogo pande zote mbili. Ndani ya sufuria panga mchuzi, biringanya, mchuzi, biringanya, mpaka ziishe. Piga mayai 4 pamoja na nusu kikombe cha maziwa, umwagie juu. Funika, weka makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko kwa nusu saa. Epua, ngoja dakika 10, ndipo ukate.

SAHANI YA KILA SIKU

Muthokoi hatuutupi. Gawanya sahani hivi: nusu iwe mboga, kama majani ya kunde, sukuma wiki au kabichi, robo iwe nyama, mayai au maharagwe, robo iwe ugali au muthokoi. Na chai yenye vijiko vitatu vya sukari itabomoa yote tuliyojenga hapa.

ONYO KUBWA

Anayetumia dawa za sukari au sindano ya insulini asipunguze wanga ghafla bila kuongea na daktari au muuguzi wa kliniki. Dawa ikibaki ile ile na chakula kikapungua, sukari yaweza kushuka sana. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Akiwa anaweza kumeza, mpe mara moja vijiko 3 au 4 vidogo vya sukari ndani ya maji, halafu chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Usiache dawa kwa sababu umepata chakula kizuri. Mwenye shida ya figo pia aulize kwanza.

Yule mama? Siku tuliyopika biringanya hizi kikundini, watoto walimaliza sufuria kabla yeye hajaongeza. Alicheka, akasema sasa ni lazima ajifiche ili apate chake.

Danieli na wenzake walikula mboga wakiwa pamoja. Nasi tusimwache mtu ale peke yake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, nani anapikiwa kando? Anajisikiaje?
2. Ni mboga gani tunaweza kupanda kwa maji ya kuoshea vyombo, tusizinunue sokoni?
3. Mkutano ujao, nani ataleta biringanya na nani ataleta mayai?

Mungu awabariki.