Rupia ya Bibi Isisuguliwe kwa Majivu

Ikiwa nyumbani kwenu Chanzuru kuna sarafu nzito, nyeusi, iliyofungwa pindoni mwa khanga ya bibi, jambo la kwanza ni hili: usiisugue. Majivu, limau, dawa ya meno na mchanga wa mtoni huila sura ya sarafu. Ule weusi ni wa fedha iliyokaa na hewa miaka mingi, nao hauidhuru. Mkusanyaji anayejua kazi yake huutafuta, maana unamwonyesha kuwa sarafu haijachezewa. Ukishaing'arisha umeipunguzia bei, na hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa.

Ishike ukingoni kwa vidole viwili, uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanamume mwenye masharubu na kofia ya chuma iliyobeba tai, na maneno GUILELMUS II IMPERATOR, hiyo ni rupia ya Mjerumani. Rupia za kuanzia 1890 hadi 1902 zina simba na mnazi upande wa pili, pamoja na jina Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Hapo mtu wa Kilosa asimame kidogo. Hilo ndilo shirika la Carl Peters, aliyefika Msowero, majirani zetu hapa, Novemba 1884, na kuondoka na mkataba wenye alama ya chifu Mangungo. Miaka michache baadaye jina la shirika likawa juu ya fedha, na kuanzia 1898 serikali ya Wajerumani ikadai kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia 3 huku vijijini. Bibi mzaa bibi aliyekuwa na rupia moja alikuwa na theluthi ya kodi yake mkononi.

Tangu 1904 upande huo unasomeka Deutsch Ostafrika, na herufi ndogo inaonyesha sarafu ilikopigwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka huohuo rupia iliacha kugawanywa kwa pesa 64, ikawa heller 100. Neno "hela" tunalolitaja kila siku sokoni lilizaliwa hapo.

Sasa ipime. Mizani ya sonara inatosha. Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa karibu milimita 30, na zaidi ya asilimia 91 yake ni fedha. Ipo pia ya rupia 2, ya miaka ya 1893 na 1894, yenye gramu 23.32. Hiyo ni adimu, na mtu akikuharakisha uiuze, kataa. Sumaku haivuti fedha. Sarafu ikinaswa na sumaku ni bandia, lakini isiponaswa hujathibitisha kitu bado, kwa sababu shaba na risasi nazo hazinaswi.

Kubwa kuliko hizo ni reale, yenye kichwa cha mwanamke mnene aliyevaa ushungi. Huyo ni Maria Theresa wa Austria. Reale ilikuwa fedha ya biashara Zanzibar na pwani yote, hadi kwenye misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Usagara. Mwaka ulioandikwa ni 1780 siku zote, hata kwa zilizopigwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, kwa hiyo mwaka huo usikudanganye. Angalia uzito, gramu 28.07, na maneno yaliyoinuka kwenye ukingo. Ukingo mtupu ni dalili mbaya.

Jina la Kijerumani la reale ni "thaler", na jina hilohilo ndilo lililozaa "dola" ya Wamarekani, ambao walipeana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833 na kutuletea kitambaa cha merikani. Dola yao ya fedha inayotafutwa sana ni ya Morgan, iliyopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921: gramu 26.73, asilimia 90 fedha. Ya 1921 ni nyingi mno. Za 1893 zenye herufi S chini ya tai, yaani za San Francisco, zilipigwa 100,000 tu, ndiyo maana waghushi wanazipenda. Bei inatokana na uchache na hali ya sarafu. Uzee peke yake hautoshi.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima, ya 1921 hadi 1946, ni robo tu fedha. Itunze, lakini usiiwekee matumaini ya kununua pikipiki.

Atakayekuja kukwambia rupia ina zebaki ndani au inavuta mchele, na akaomba fedha ya "kuisafisha", mfukuze. Usichimbe magofu wala makaburi kutafuta mali ya Mjerumani: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimba, na kibali kingine cha kutoa mabaki ya kale nje ya nchi. Ukitaka kujua ulichonacho kabla ya kukutana na dalali, kipeleke Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.

Hifadhi kila sarafu peke yake kwenye bahasha ya karatasi kavu, usitumie mfuko laini wa plastiki. Sarafu iliyotobolewa kwa ajili ya kidani hupungua bei kwa wakusanyaji, ila usiizibe tundu. Juu ya bahasha andika jina la bibi, kijiji chake, na sarafu ilimfikiaje. Muulize wiki hii, angali anakumbuka.